Askofu Mkuu Janani Luwum: Jirani Yetu wa Ng'ambo ya Mlima



Kamati ya Jubilei iliniomba niandike habari za mtumishi mmoja wa Mungu aliyetutangulia, ili kitabu hiki kisijae ratiba, picha na salamu za wageni peke yake. Wengine walipendekeza mmisionari fulani aliyeleta Injili pande hizi. Mimi nikamchagua Janani Luwum, na sababu yangu iko karibu sana na kwaya yetu.

Kwaya hii ilianza mwaka 1976. Mwezi wa Februari mwaka huo, Idi Amin, rais wa Uganda, alitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ilikuwa ya Uganda tangu zamani, hadi maili chache tu kutoka Nairobi. Kitale ilikuwamo. Bungoma ilikuwamo. Hii Saboti yetu ilikuwamo pia, pamoja na mahindi yake na mbuzi wake. Waanzilishi wetu wanasimulia kwamba walikuwa wakifanya mazoezi ya sauti nne jioni, halafu wakirudi nyumbani wanaulizana kama kesho wataamka wakiwa raia wa nani. Mwaka mmoja baadaye, Februari tena, redio ikasema kuwa Askofu Mkuu wa Uganda amekufa katika ajali ya gari mjini Kampala. Mzee mmoja wa besi, ambaye leo atakaa mstari wa mbele, ameniambia kuwa siku ile hakuna mtu pale mazoezini aliyeamini habari ya ajali, hata watoto waliokuja kutazama.

Basi huyu aliyekufa alikuwa nani?

Janani Luwum alizaliwa mwaka 1922 katika kijiji cha Mucwini, karibu na Kitgum, kaskazini mwa Uganda, katika kabila la Waacholi. Baba yake, Eliya Okello, alikuwa Mkristo, lakini ukristo haukuwa umeleta mali nyumbani. Kijana Janani alichunga mbuzi na akachelewa kuanza shule kwa sababu ya umaskini. Alipoanza, akasoma kwa bidii ya mtu anayejua kuwa karo ni ya kuhangaikiwa. Akaenda Gulu, kisha chuo cha ualimu cha Boroboro karibu na Lira, akawa mwalimu wa shule ya msingi huko Puranga. Sisi walimu tunafurahi kumhesabu kuwa mwenzetu. Hakukaa darasani miaka mingi, lakini waliomsikia akihubiri baadaye wanasema ule utaratibu wa mwalimu haukumtoka kamwe: alisema jambo moja, akalirudia, akahakikisha aliye nyuma kabisa amelipata.

Mabadiliko yake yalikuja tarehe 6 Januari 1948. Wakati huo uamsho wa Afrika Mashariki, ule ulioanzia Rwanda na kusini mwa Uganda na kutufikia hata sisi Kenya, ulikuwa umefika Acholi. Waliookoka waliitwa Balokole. Walikuwa watu wa kukiri dhambi hadharani, wa kulipa madeni, wa kurudisha vitu walivyoiba, na ukweli ni kwamba hawakupendwa na kila mtu kanisani. Walikuwa na makelele na walikuwa wepesi wa kuwaambia wachungaji kuwa wamelala. Luwum aliguswa na ushuhuda wa mmoja wao, Yusto Otunno, akampokea Bwana, na tangu siku hiyo akawa mmoja wa wenye makelele. Nayasema haya kwa sababu tumezoea kumwona kwenye picha akiwa na kanzu ya askofu na msalaba kifuani, mtu mzima mtulivu. Alianza akiwa kijana ambaye wazee wa kanisa walimwona msumbufu.

Mwaka 1949 alipelekwa chuo cha theolojia cha Buwalasi. Hapa ndipo anapokuwa jirani yetu. Buwalasi iko miteremko ya Mlima Elgon, upande wa Mbale. Sisi wa Saboti tunaona jua likizama nyuma ya mlima. Wao wa Buwalasi wanaliona likichomoza juu yake. Ni mlima ule ule, na Wagisu wa kule na Wabukusu wetu wanajuana kwa ukoo na kwa lugha kuliko serikali zote mbili zinavyojuana. Luwum alisoma pale, akarudi nyumbani kutumika, akaja tena Buwalasi kujiandaa kwa ukasisi. Aliwekwa shemasi mwaka 1955 na kasisi mwaka 1956. Baadaye alirudi pale pale akiwa mkuu wa chuo. Kwa hiyo miaka mingi ya malezi yake ya utumishi aliipitisha akiutazama mlima huu tunaouona tukitoka mlangoni.

Katikati alipewa parokia ya Lira Palwo, eneo kubwa lenye makanisa mengi madogo, akiyazungukia kwa baiskeli. Alipelekwa Uingereza mara mbili kusoma, Canterbury mwaka 1958 na London miaka ya 1960. Mwaka 1966 akawa katibu wa jimbo zima la kanisa. Kuhusu kazi ya ukatibu sitasema mengi, maana nitaonekana ninajisifia. Nitasema tu kuwa ni kazi ya kuandika barua, kutunza hesabu na kupatanisha watu walionuniana, na kwamba alisifiwa kwa kuifanya vizuri.

Tarehe 25 Januari 1969 aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Uganda Kaskazini. Ibada ilifanyika katika uwanja wa Pece, Gulu, mbele ya umati mkubwa. Rais Milton Obote alikuwapo, na miongoni mwa wakubwa waliokaa pale alikuwapo mkuu wa majeshi, Idi Amin. Miaka miwili baadaye, tarehe ile ile, 25 Januari 1971, Amin akaipindua serikali ya Obote.

Kampala walishangilia. Ni vizuri tuseme hivyo kwa uaminifu, maana leo kila mtu anadai alijua tangu mwanzo. Watu walikuwa wamechoka, wakacheza barabarani. Lakini kule nyumbani kwa Luwum hakukuwa na ngoma. Askari wa Kiacholi na Kilango waliuawa katika kambi zao mwaka huo huo wa kwanza, mamia kwa mamia. Mwaka 1972 Waasia walifukuzwa nchini. Mwaka huo huo Jaji Mkuu, Benedicto Kiwanuka, alikamatwa akiwa kazini mahakamani na hakuonekana tena. Mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere, Frank Kalimuzo, alipotea vivyo hivyo. Kutoka hapo watu wa kawaida walianza kuishi kwa kunong'ona. Gari lisilo na namba likisimama mbele ya nyumba, waliomo ndani waliacha kupumua.

Mwaka 1974 Luwum alichaguliwa kuwa Askofu Mkuu wa Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire, akimfuata Erica Sabiti. Alikuwa na miaka 52. Jimbo lake lilivuka nchi nne, na makao yake yalikuwa Namirembe, kilima cha kanisa kuu, ndani ya Kampala ya Amin.

Hapa ningependa tukae kidogo, maana ndipo ninapoona ujasiri wake kuliko hata siku ya kufa kwake. Luwum hakuwa mtu wa kupanda mimbarini na kumtukana rais. Alimwombea Amin hadharani. Alialikwa ikulu akaenda. Ndugu wakipotea, familia zilikuja Namirembe zikilia, na yeye alivaa kanzu yake akaenda mwenyewe mpaka ofisi za usalama, zile ambazo watu walivuka upande wa pili wa barabara ili wasizipite, akauliza mtu fulani yuko wapi. Wengine aliwatoa. Wengi hakuwatoa. Lakini alirudi tena kesho yake kuuliza mwingine. Walikuwapo Wakristo waliomlaumu, wakisema anakula na mwuaji na kwamba kukaa naye meza moja ni kumpa heshima. Yeye aliwaeleza kuwa hajui atakikalia kile kiti kwa muda gani, kwamba anaishi kila siku kama hakuna kesho, na kuwa dhamiri yake mbele za Mungu iko safi kwa kuwa hakuwahi kusimama upande wa serikali ile.

Mimi nimelifikiria jibu hilo mara nyingi, hasa mwaka wa uchaguzi, wakati wanasiasa wa kila rangi wanapokuja kanisani kwetu na bahasha na sisi tunaombwa tusimame tuimbe. Kuna wanaosema kwaya isiwaimbie. Kuna wanaosema paa la kanisa halijengwi kwa maombi peke yake. Sijui kama Luwum angetuamulia. Ninaloliona kwake ni kwamba alikwenda kwa wakubwa akiwa na jina la mtu aliyepotea mdomoni, na alirudi bila kupokea kitu.

Agosti 1976, baada ya askari kuvamia Makerere na kuwapiga wanafunzi, viongozi wa dini walikutana Lweza, nje ya Kampala. Walikuwapo Waanglikana, Wakatoliki na Waislamu, na Luwum aliongoza kikao. Walizungumzia mauaji, wizi na nguvu za watu wa usalama zisizo na mipaka, wakaomba kuonana na rais. Amin alikasirika kwamba wamekutana bila ruhusa yake. Nataka wenzangu walikumbuke hili la Waislamu kukaa kwenye kikao kile. Mara nyingi habari za Amin husimuliwa hapa kwetu kana kwamba vilikuwa vita vya dini. Waislamu wa Uganda nao walikuwa na maiti zao.

Halafu ukaja mwaka 1977, mwaka ambao Kanisa la Uganda lilikuwa linajiandaa kwa jubilei yake, miaka 100 tangu wamisionari wa kwanza wafike mwezi wa Juni 1877. Kamati zilikuwa zinakutana, nyimbo zinafanyiwa mazoezi. Tunajua hali ilivyokuwa, maana na sisi tumetoka humo juzi tu.

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari, saa saba na nusu, mbwa alibweka nyumbani kwa Askofu Mkuu na ua ukakatwa. Luwum akashuka, akachungulia, akamwona mtu anayemfahamu amesimama mlangoni na majeraha usoni, akiita afunguliwe. Akadhani ni mtu anayehitaji msaada. Akafungua. Askari wenye silaha waliokuwa wamejificha wakaruka ndani, wakamwekea bunduki tumboni na kumtaka aonyeshe silaha. Walipekua nyumba nzima: vyumba vya kulala, vyumba vya watoto, ghala la simsim na karanga, hata kanisa dogo la nyumbani, wakatazama mpaka chini ya altare. Hawakupata kitu. Usiku huo huo walipekua pia nyumba ya Askofu Yona Okoth kule Tororo, mwendo mfupi tu kutoka Malaba.

Walipomaliza, wale askari walitaka wafunguliwe lango watoke. Mary, mke wa askofu, aliwaambia watoke pale pale walipoingilia. Tunamwelewa Mama Mary. Ua wake ulikuwa umekatwa na watoto wake wametolewa vitandani usiku. Lakini Luwum alisema wao ni Wakristo na mioyo yao ni safi, na kwamba watawafungulia lango liwe ushuhuda. Akaenda akawafungulia.

Niruhusuni nitoke kwenye habari yenyewe kidogo. Januari 2008 mimi nilikuwa mwanafunzi wa sekondari na ndiyo kwanza nimeingia kwaya, sauti ya tena. Wakubwa mnakumbuka Saboti na Mlima Elgon zilivyokuwa. Jumamosi moja tulikuja mazoezini tukiwa watu saba. Kila mmoja alijua waliokosekana ni wa kabila gani, na kila mmoja alijua kwa nini, na hakuna aliyesema. Mwalimu wetu wa kwaya wakati huo, ambaye sasa amelala katika Bwana, alichukua daftari la mahudhurio akaita majina yote, hata ya wale ambao hawakuwapo, pole pole, jina baada ya jina, akisubiri kana kwamba wataitika. Baada ya hapo akatutuma wawili wawili kwenda kuwatafuta nyumbani kwao. Mimi nilitetemeka njia nzima. Miaka mingi baadaye, nikisoma habari ya lango la Namirembe, nilimkumbuka yeye na lile daftari, ambalo bado tunalo.

Turudi Kampala. Maaskofu walikutana wakaandika barua kwa rais, ya tarehe 10 Februari. Ilikuwa barua ya heshima na ya ukweli mtupu. Walieleza yaliyotokea nyumbani kwa Askofu Mkuu, wakauliza kama kiongozi wa kanisa anafanyiwa hivyo, mwananchi wa kawaida ana kinga gani. Walisema bunduki iliyonunuliwa kumlinda Mganda sasa inatumika kumwondolea uhai Mganda. Barua ikapelekwa. Marafiki walimshauri Luwum aondoke nchini kabla haijawa usiku. Njia zilikuwapo, wengi walikuwa wamevuka kuja Kenya. Akakataa, kwa kuwa yeye ndiye mchungaji na kondoo hawana pa kukimbilia.

Tarehe 16 Februari viongozi wa dini, mabalozi, maofisa na askari wengi waliitwa kwenye jumba la mikutano na hoteli ya Nile mjini Kampala. Mary alimsihi asiende. Akaenda na maaskofu wenzake. Pale uwanjani zilikuwa zimepangwa bunduki na masanduku ya risasi, zikidaiwa kuwa zimekamatwa za kumpindua Amin, na yakasomwa maelezo yaliyomtaja Askofu Mkuu kuwa mshirika. Yeye alitikisa kichwa tu. Makamu wa rais aliwauliza askari wafanyiwe nini wasaliti, na umati wa askari ukapaza sauti wauawe. Viongozi wa dini walisimama juani muda mrefu wakisikiliza hayo.

Baadaye waliambiwa waende nyumbani, isipokuwa Luwum, ambaye ilisemekana rais anataka kumwona. Alimgeukia Askofu Festo Kivengere akamwambia kwamba anajua watamwua, na kwamba haogopi. Kabla ya hapo alikuwa amesema anaona mkono wa Bwana katika mambo yale. Kivengere na Askofu Silvanus Wani hawakuondoka. Walibaki wakimngojea nje, saa zikapita, mpaka askari wakawafukuza kwa bunduki. Wani alikuwa Mkakwa, mtu wa kabila la Amin mwenyewe, na bado alikaa pale akimngoja ndugu yake Mwacholi. Ni jambo dogo katika vitabu, lakini watu wa Saboti tunalijua uzito wake.

Usiku ule Luwum aliuawa kwa risasi, pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Kesho yake redio ikatangaza ajali. Gazeti likatoa picha ya gari lililobondeka. Familia haikupewa mwili Kampala. Askari walilisafirisha jeneza likiwa limefungwa mpaka Mucwini, wakitaka lizikwe upesi bila mtu kuona. Lakini ilikuwa kiangazi, ardhi ngumu kama tunavyoijua ya Februari, na kaburi halikuwa limefika kina giza likaingia. Jeneza likalazwa kanisani usiku kucha. Watu wa kijiji wakalifungua. Wakaona matundu ya risasi. Kwa hiyo ukweli wa kifo cha Askofu Mkuu ulilindwa na udongo mgumu na wanakijiji wasioogopa kufungua msumari. Alizikwa pale, penye kanisa la nyumbani kwao.

Namirembe nao walikuwa wamechimba kaburi, karibu na lile la Askofu James Hannington aliyeuawa mwaka 1885. Likabaki wazi bila mtu. Serikali ilikataza ibada ya ukumbusho. Jumapili ya tarehe 20 Februari, siku nne tu baada ya mauaji, maelfu walipanda kilima hata hivyo, wakijua kuwa watu wa usalama wako katikati yao. Waliimba. Walitoka nje wakalizunguka lile kaburi tupu wakaendelea kuimba, na wimbo uliowatoka ulikuwa ule wa mashahidi wa Uganda, ambao huimbwa kule kwa kuwakumbuka vijana waliochomwa moto enzi za Kabaka Mwanga. Mzee Erica Sabiti, yule Askofu Mkuu mstaafu, aliwaelekeza kwenye maneno ambayo malaika aliwaambia wanawake asubuhi ya Pasaka. Kilichobadilika ni kwamba walikwenda kuomboleza, wakashuka kilima wakiwa hawaombolezi tena.

Ninawaomba wanakwaya wenzangu waisome tena aya hiyo. Hakukuwa na kinanda pale nje, wala sare, wala mtu aliyesimama mbele kuongoza. Tunapogombana juu ya rangi ya sare za Jubilei, na tumegombana kweli, tujue kuwa ibada iliyosikika zaidi katika historia ya kanisa la Afrika Mashariki iliimbwa na watu waliokuja na nguo walizokuwa nazo.

Mama Mary na watoto walivuka wakaja Kenya. Kivengere na mkewe walikimbia kwa miguu usiku, wakipita milimani hadi Rwanda. Baadaye aliandika kitabu ambacho jina lake liliwashangaza wengi, kwa kuwa lilisema anampenda Idi Amin. Alikuwa ameona kwamba chuki ilikuwa inamwua yeye kabla haijamfikia Amin. Silvanus Wani, yule aliyekataa kuondoka langoni, ndiye aliyekuwa Askofu Mkuu baada ya Luwum. Na ile jubilei ya miaka 100? Ilifanyika mwezi wa Juni mwaka ule ule, bila Askofu Mkuu aliyeiandaa. Watu walikuja wengi kuliko kamati ilivyotarajia. Amin alianguka tarehe 11 Aprili 1979, Kampala ilipochukuliwa na majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni.

Sisi Kenya tulikuwa na wetu. Wakati makanisa ya Trans Nzoia yalipokuwa chini ya Dayosisi ya Eldoret, askofu wetu alikuwa Alexander Kipsang Muge, ambaye waziri mmoja alimtisha hadharani kuwa akikanyaga Busia hatatoka hai. Tarehe 14 Agosti 1990 alikwenda Busia, akahubiri, na akafa njiani akirudi, gari lake lilipogongana na lori huko Kipkaren. Wapo humu kanisani waliopewa kipaimara na mikono yake. Habari zake zinahitaji mtu mwingine aziandike, aliyemjua kwa macho, na ninamwomba mzee yeyote aliye na kumbukumbu anione baada ya ibada kabla hatujazipoteza.

Mwaka 1998 sanamu ya Luwum iliwekwa juu ya mlango wa magharibi wa Westminster Abbey, London, pamoja na mashahidi wengine tisa wa karne ya 20 kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Mwenzetu mmoja aliyekwenda Uingereza kikazi aliitafuta, akaipiga picha. Mtaiona imebandikwa ubaoni pale mlangoni, imetoka na ukungu kidogo kwa sababu ya mvua. Nchini Uganda, tangu mwaka 2015, tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa, na watu huja Mucwini kutoka pande zote, wengine wakitembea siku kadhaa kwa miguu, kusali penye kaburi.

Kwaya imeazimia kwenda mwakani, Mungu akipenda. Kutoka Kitale tutapitia Suam, tuuzunguke mlima kwa Kapchorwa na Mbale, tusimame Buwalasi kuona chuo alichosomea, kisha Soroti, Lira na Kitgum. Ni safari ya siku mbili kwenda, na basi halijapatikana. Wanaotaka kwenda waandikishe majina kwa mweka hazina leo baada ya chakula, na wasisahau kwamba mpakani wataulizwa kitambulisho.

Katibu wa Kwaya